Fundo Nyuma ya Kompyuta

Kabla ya Askari, vijana wawili walikuwa wameshakuja kumposa Masoomah, na wote wawili waliangushwa na kompyuta.

Si kwamba hawakuijua. Waliijua mno, na hilo ndilo lililowaponza. Jafferali, baba wa binti, alikuwa na mashine ya zamani aliyoinunua mwaka ule dunia nzima ilipotishiwa kwamba karne ikigeuka kompyuta zote zitazimika. Yake haikuzimika. Tangu hapo aliihesabu kuwa ya ukoo bora, akaiweka katika chumba kidogo kando ya sebule, kwenye fleti yao ya Thorncliffe Park, na mkewe Parveen akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, kama alivyoifumia redio, televisheni na cherehani. Lakini sasa ilikuwa mwaka 2005 na mashine ilikuwa inajikongoja. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, ndipo ikukaribishe.

Kila alipokuja kijana wa posa, chai ikishanywewa, Jafferali alimwomba aitazame kidogo. Alijifanya anaomba msaada. Parveen alijua ni mtihani, Masoomah alijua ni mtihani, na sidhani kama kulikuwa na jirani wa ghorofa ile asiyejua.

Kijana wa kwanza, Salman, alibonyeza hapa na pale, akacheka, akamwambia mwenye nyumba kwamba mahali pa kitu kile ni pipani. Huyo hakumaliza hata bajia zake. Wa pili, Moez, alimfundisha Jafferali namna ya kushika kipanya, mtu mzima mwenye mvi zake, mbele ya mkewe. Jafferali alimsindikiza hadi kwenye lifti kwa adabu zote, kisha akarudi akasema kwamba huyu akiwa mkwe atamfundisha na kutafuna. Alichotaka, alisema, ni kijana asiyejua kila kitu kwa sauti kubwa.

Basi akatokea Askari, ambaye karibu hasemi kabisa, na Jafferali akapata la kulalamikia hapo pia.

Askari alizaliwa Arusha na kuletwa Kanada akiwa shule ya msingi. Alilelewa na mama yake mjane upande wa Vaughan, si mbali na kituo cha jumuiya cha barabara ya Bathurst, na ni katika kituo hicho alikojuana na Masoomah, wakipakua chakula siku za Muharram, yeye akishika mwiko na Masoomah akishika sahani. Alikuwa karani katika ofisi ya bima. Masoomah alimwambia mama yake kwa Kiingereza, maana mambo mazito huyasema kwa Kiingereza, kwamba ni huyu au basi. Parveen akaufikisha ujumbe kwa mumewe kwa Kiswahili, akiwa ameupunguza makali njiani.

Jafferali hakuridhika. Aliwahi kukutana na kijana huyo mara mbili tatu na hakuambulia zaidi ya salamu. "Mtu asiyesema," alimwambia mkewe, "utajuaje anachoficha?" Parveen akamjibu kwamba yeye anasema tangu alfajiri, na mpaka leo hajajua anachoficha.

Hapa lazima nieleze kilichokuwamo ndani ya ile mashine, maana wengi walidhani mzee anang'ang'ania chuma tu. Zamani, simu kutoka Tanga hadi Toronto ilipokuwa ya harusi na misiba peke yake, ndugu zake Jafferali hawakumwandikia barua. Walikaa mbele ya redio ya kaseti, wakabonyeza vitufe viwili, wakazungumza upande mzima wa kaseti, kisha wakampa msafiri aichukue. Sanduku zima la kaseti lilikuwa chini ya kitanda chake. Zilipoanza kuchakaa, alizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, msimu wa baridi baada ya msimu wa baridi, peke yake, na aliionea fahari kazi hiyo kuliko kazi yoyote aliyoifanya Kanada.

Aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo mama yake anamweleza habari za mtaani. Anafika patamu kabisa, juu ya jirani aliyetoroka kupitia uani siku ya posa ya binti yake mwenyewe, mara radi inapiga. Mama anasema, "Ngoja, Jaffer, nichomoe kwanza," na sauti inakatika. Hakurudi tena kwenye kisa kile, na Jafferali hakuwahi kujua jirani alikimbilia wapi. Sasa siku hizi sauti zenyewe zilikuwa zinakwama. Mama anasema neno, ananyamaza, anatoa nusu ya neno la pili. Jambo hilo lilimuumiza Jafferali sana, ingawa kwa watu alisema tu kwamba mashine imechoka.

Na huko kuchomoa kulikuwa urithi. Friji la kwanza la nyumba yao Tanga lilichomwa na radi, na tangu siku hiyo mtoto yeyote wa nyumba ile akisikia ngurumo mkono wake ulikwenda ukutani. Jafferali alivuka bahari na tabia yake. Radi ikipiga Toronto, Parveen hufunika kioo cha sebuleni kwa khanga, Jafferali huzunguka nyumba nzima akichomoa kila chenye waya. Radi ikipita, Parveen huzunguka akichomeka. Tangu wafunge ndoa hawajawahi kubadilishana zamu, wala hawajawahi kulizungumza, mpaka Jafferali akaingiwa na imani kwamba umeme hurudi wenyewe.

Tena hachomoi ovyo. Baba yake alikuwa na duka, na yeye alikua akifunga sukari na mchele kwa kamba ya katani. Kila waya anaouchomoa huukunja, huuzungusha mara mbili, huupitisha kitanzi na kukichomeka kichwa chake chini, hivi kwamba ukivuta mahali pamoja tu, fundo lote linafunguka. Parveen alijua kulifungua, kulifunga hakuweza. Masoomah alijaribu utotoni akakata tamaa. Mjini Toronto, kwa kadiri ya ujuzi wake, fundo hilo lilikuwa na mwenyewe mmoja.

Jumapili ya posa, katikati ya Julai, joto lilikuwa limekaba. Askari alikuja na mjomba wake, Bwana Bahadur. Mama yake alibaki nyumbani kusubiri habari. Walileta sinia la halua lililofunikwa vizuri. Kwa mama yake Jafferali ilikuwa hivi: sinia la posa likirudi tupu, hilo ndilo jibu la kukataa, na likirudi na kitu, hilo nalo ni jibu. Nyumba ya Jafferali iliendelea na desturi hiyo, na Bahadur aliijua, kwa kuwa Bahadur alijua kila kitu cha kila nyumba. Alikuwa mtu mwema, lakini ulimi wake haukuwa na kitasa. Ukimwambia neno adhuhuri, alasiri liko Vaughan, na kesho yake limeshafika Arusha.

Chai ikanywewa. Jafferali akakohoa, akasema kwamba ana kikompyuta chake kinamsumbua. Masoomah, aliyekuwa anaondoa vikombe, alifumba macho.

Askari aliingia chumbani, akakiondoa kile kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya rafu. Wale wawili wa kabla yake walikuwa wamekitupa sakafuni. Kisha, kabla hajagusa kitu kingine, aliuliza swali ambalo Jafferali hakuwahi kuulizwa na mtu: "Humu ndani, mzee, unaogopa kupoteza nini?"

Jafferali akamwambia. Akamwekea na sauti ya mama. Askari alisikiliza ikikwama na kukwama, hakucheka.

"Zipo zote, mzee," alisema. "Zimetawanyika tu."

Alipobanwa aeleze, alieleza kwa ufupi. Sauti moja inakatwa vipande, kila kipande kinatiwa penye nafasi, na siku unapoitaka mashine inakimbia huku na kule kuokota vipande ndipo ikupe. Wanachoweza kufanya ni kuiambia ivikusanye, kila kitu na chake. Jafferali alielewa upesi kuliko alivyotarajia. Alimfikiria kaka yake aliyeko Leicester, dada yake aliyeko Dar es Salaam, na yeye mwenyewe hapa ghorofani. Ukitaka kisa kimoja cha ukoo mpaka uwapigie simu wote watatu. Ila hakulisema hilo, maana hakuwa ameamua bado kumpenda kijana.

Askari akaianzisha kazi. Kioo cha kompyuta kikajaa miraba midogo ya rangi, na miraba ikaanza kuhama, mmoja unatoka huku, unakwenda kukaa na wenzake kule. "Itachukua muda," alisema. "Isiguswe tu."

Jafferali alisimama nyuma yake akitazama. Kwa kweli ilimfurahisha. Aliona kazi inafanyika mbele ya macho yake, jambo ambalo kompyuta hazina desturi ya kulionyesha. Alimwita Parveen aje aone, akamwambia na yeye kwamba isiguswe, kwa sauti ya mtu aliyeligundua mwenyewe. Ingekuwa mimi nimeambiwa nibashiri wakati ule, ningesema posa imepita.

Kababu zikaiva, Bahadur akamwita mwenyeji mezani, na Askari akabaki kuilinda mashine. Nje, mawingu yalikuwa yameshajikusanya juu ya majengo. Radi ya kwanza ilipiga Jafferali akiwa katikati ya kisa cha lori la katani lililokwama mbele ya duka la baba yake. Hakukatiza kisa. Aliinuka, kababu mkono mmoja, akachomoa televisheni, akafunga waya kwa mkono na meno, akachomoa redio, akaiweka kababu juu ya redio, akachomoa feni, huku Bahadur akimfuata kwa masikio na kucheka panapochekesha. Akaingia chumba kidogo kinyumenyume, uso ukiwa bado kwa mgeni wake, akainama chini ya meza, akapapasa ukuta na kuchomoa.

Miraba ikatoweka. Jafferali hakuiona ikitoweka, kwani alikuwa chini ya meza anazungusha waya mara mbili na kusema kwa sauti kwamba dereva wa lori naye hakuwa na akili. Mkono uliofanya jambo miaka arobaini hauna haja ya kuuarifu ubongo.

"Mzee," alisema Askari.

"Si wakati wa kukaa karibu na mashine, mwanangu," Jafferali alimwambia, akamshika kiwiko, akampeleka sebuleni mbali na madirisha. Askari alijaribu kuinuka mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa akae, radi haijaisha.

Ikaisha. Parveen akatoa khanga kiooni, akapita akichomeka televisheni, redio na feni. Mlangoni mwa chumba kidogo aligeuka akarudi. Yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa isiguswe. Haikumpitikia kwamba aliyemwambia ndiye aliyeigusa.

"Haya, Bwana Bahadur, njoo uone miraba," alisema Jafferali kwa furaha.

Wakakuta giza. Jafferali akabonyeza kitufe, kimya. Akabonyeza tena na kukishikilia, kimya. Sebuleni televisheni ilikuwa inaongea, kwa hiyo umeme upo. Alimwona mama yake, kaka zake, sauti za watu ambao nusu yao wameshazikwa, zote zimekwenda. Akamgeukia Askari akamuuliza ameifanya nini mashine yake.

Askari alitazama chini ya meza, kisha akamtazama mjomba wake aliyekuwa amenyoosha shingo asipitwe na neno, kisha Masoomah aliyesimama mlangoni. "Samahani, mzee," alisema. "Nilitakiwa kuwa mwangalifu zaidi."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Niruhusu nibaki nayo kidogo. Peke yangu."

"Umeshabaki nayo vya kutosha," alisema Jafferali.

Kilichofuata kilikuwa baridi kuliko Januari. Bahadur alijaribu mzaha, mzaha ukafa. Mlangoni Jafferali aliwaambia kwamba majibu watayapata, kwa sauti ile ambayo mtu yeyote mzima anajua imeshajibu. Askari aliinama kidogo, akamwita mzee kwa heshima ileile aliyoingia nayo, akaondoka. Bahadur alisikika akimhoji mpaka lifti ilipofunga mlango.

Jafferali akamwambia mkewe alioshe lile sinia. Parveen aliliosha, akalikausha, akalitia kabatini, na hakuuliza nani atalirudisha. Masoomah alitoka chumbani mwake macho mekundu, akasimama mbele ya baba yake. "Baba, umemwonea," alisema. Hakuongeza lingine. Alilisema kwa Kiswahili, yule asiyesema mazito ila kwa Kiingereza, na lilimkaa Jafferali kifuani kama mfupa wa samaki mpaka alipolala.

Kesho yake aliamua kuipeleka maiti ya kompyuta kwa fundi mmoja wa mtaani, angalau amtolee sauti zake kama bado zimo. Alisogeza kiti, akapiga magoti kwa shida, akaingia chini ya meza afungue waya.

Pale, kando ya soketi, ulikuwa waya mkuu wa chumba kile, ule unaolisha mashine, kioo na taa. Ulikuwa umekunjwa vizuri. Umezungushwa mara mbili, umepitishwa kitanzi, na kichwa chake kimechomekwa chini.

Jafferali alilitazama fundo lake muda mrefu. Kwanza akili ilikataa. Akatafuta mtu wa kumsingizia, na kwa bahati mbaya hakuna mwingine Kanada nzima anayejua kulifunga. Waswahili husema nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amepiga magoti mbele ya lake.

"Mama Masoomah," aliita kutoka chini ya meza. "Jana, radi ilipopita, ulichomeka kila mahali?"

"Kila mahali, ila hapo. Si ulisema isiguswe?"

"Na nani alichomoa?"

Parveen alikuja mlangoni, akainama, akaona waya, akaona fundo, akamwona mumewe. Naye ni mwanamke mwenye huruma, kwa hiyo alisema tu kwamba ana kitu jikoni. Akaenda jikoni mdomo ameuziba kwa ncha ya mtandio.

Jafferali akavuta pale panapovutwa, fundo likafunguka, akachomeka. Mashine ikaguna, ikaanza kupumua. Kikaja kioo cha buluu chenye maandishi meupe, naye akavaa miwani kuyasoma: kompyuta hii haikuzimwa ipasavyo; ili usiuone tena ujumbe huu, izime kwa utaratibu wake. Katika watu na vitu vyote vilivyokuwamo nyumbani mle tangu jana, mashine peke yake ndiyo iliyomwambia usoni. Ikajikagua taratibu, ikamaliza, ikafunguka. Sauti zilikuwapo zote. Akamweka mama yake, na mama akakwama mara chache kuliko zamani, maana kazi ilikuwa imefika katikati. Jirani akatoroka tena kupitia uani. "Ngoja, Jaffer, nichomoe kwanza."

Akaketi. Jana yote ikarudi mbele yake, na safari hii aliiona kutokea upande wa kiti cha kijana. Askari alikuwa hapa, hatua moja kutoka kwake, akimwona anavyochomoa. Alisema "Mzee," akavutwa kiwiko. Alijaribu kuinuka, akakalishwa. Aliomba kubaki peke yake na mashine, na sasa Jafferali alijua ya nini: angechomeka waya kimyakimya, angetoka akasema imepona. Aliponyimwa hata hilo, alikuwa na neno moja tu la kujiokoa. Angenyoosha kidole chini ya meza. Na Bahadur angelibeba fundo lile hadi Bathurst, watu wakacheka mpaka Muharram ijayo.

Aibu ilimpata Jafferali, aibu ya kweli, masikio yakawaka. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitegemea, nacho kilikuwa furaha. Alikaa nayo kidogo kabla ya kunyanyua simu.

Kwa taratibu zao jibu la posa hupitia kwa wazee. Jafferali aliwaruka wazee akampigia kijana mwenyewe ofisini, akamwambia akitoka kazini apite kuitazama mashine. Hakueleza zaidi. Masoomah, aliyesikia ukutani, hakula mchana.

Askari alifika jua likiwa bado juu, shati la kazi mgongoni limeloa jasho. Alisimama mlangoni mwa chumba kidogo akaona kioo kinawaka.

"Imeamka," alisema.

"Imeamka."

"Alhamdulillah."

Jafferali alimsubiri. Alimpa nafasi ya kuuliza ilikuwa na ugonjwa gani, na kijana hakuitumia. Akamuuliza kama Bwana Bahadur alimhoji. Askari akasema alihojiwa njia nzima mpaka Vaughan, na jibu lake lilikuwa kwamba mashine za zamani zina mambo yake.

"Uliniona nikichomoa," alisema Jafferali.

Askari aliangalia zulia.

"Na fundo uliliona."

"Fundo zuri, mzee."

"Ulikuwa unapoteza mchumba. Kwa nini hukusema?"

Askari alifikiri kidogo, kama mtu asiyezoea kutafuta maneno mengi. "Mashine huwashwa tena, mzee," alisema.

Jafferali alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alitaka kumwomba radhi, na akamwomba, kwa maneno matatu na sauti ndogo ambayo hajawahi kuitumia na mtu wa umri ule. Askari akainama akamshika mkono.

Kisha mzee akapaza sauti yake ya kawaida akaomba sinia. Parveen alilitoa kabatini na hakulitoa tupu, kwa sababu mkate wa kumimina alikuwa ameshaupika tangu mchana bila kuagizwa na mtu. Akaufunika kwa kitambaa cheupe. Jafferali akaleta kipande cha kamba ya katani alichokihifadhi miaka yote kwenye droo, akamwita Askari karibu. Zungusha mara mbili. Pitisha kitanzi. Kichwa chini. Akalifungua mbele ya macho yake, akamkabidhi kamba.

La kwanza lilikuwa kichekesho, la pili likalegea. Masoomah alitokea akasimama kando ya mama yake, na hapo vidole vya kijana vikazidi kuchanganyikiwa. La tatu likashika. Jafferali alilijaribu, akalivuta huku na huku, akatikisa kichwa kukubali.

"Mpe mama yako," alisema. "Mwambie avute hapa tu."

Kabla hajaondoka, Askari aliianzisha upya ile kazi iliyokatika, akasema maneno yaleyale, kwamba itachukua muda. Masoomah alimsindikiza hadi kwenye lifti, na lifti zilikuja na kwenda kadhaa kabla hajarudi.

Jioni, jua likikaribia kuzama, Jafferali na Parveen walikuwa wamekaa chumba kidogo na vikombe vyao, wanatazama miraba ikihamia kwa wenzake. Mbali, upande wa ziwa, ngurumo ikapita. Parveen aliinuka kwenda kuchukua khanga ya kufunika kioo cha sebuleni. Jafferali naye aliinuka, mkono wake tayari umeshaanza safari ya ukutani, akainama nusu, akasimama pale pale. Ngurumo ikapiga tena, karibu zaidi. Akaurudisha mkono, akakaa, akaukalia.

Parveen alikuwa mlangoni na khanga mkononi, anamtazama kama mgeni.

"Mkwe wetu amesema isiguswe," alisema Jafferali.